Siku Tuliyowapa Farasi Idd

Siku yangu ya kwanza kwenye mabanda ya farasi kule Diani nilikabidhiwa beseni lililojaa bendeji chafu, nikajiuliza ni ajali gani iliyotokea. Nilikuwa dobi wa hoteli. Hoteli ilipopunguza watu msimu wa mvua nami nikapunguzwa, mjane mwenye watoto wawili, Hamisi na Mwanasiti. Jirani yangu wa Kinondo ndiye aliyenidokeza kwamba kuna mahali panapotafutwa mwanamke wa kufua. Hakunieleza wa kufua nini. Nilizifua zile bendeji kama nilivyozoea kufua shuka, nikazianika juani urefu wake wote juu ya ua, nikaenda kunywa maji. Niliporudi tumbili walikuwa wameshazipandisha juu ya paa la makuti, na mmoja wao amejivika kilemba.

Saisi Mkuu alinikuta nimesimama nimeshika kiuno. Saisi ni mtunza farasi, na huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa masaisi wote: mtu wa bara, mrefu, aliyekulia kwenye farasi wa mashindano, asiyejua kucheka kabla ya chai ya saa nne.

"Mama, hii si shuka ya hoteli," akasema. "Jua inaua hii kitu. Mvuto inaisha. Anika kwa kivuli, halafu nitakuonyesha vile inakunjwa."

Akanionyesha. Bendeji ya farasi ni utepe mrefu wa kitambaa kinachovutika kidogo, na mwisho wake mmoja una kishikizo. Huviringishwa kuanzia upande wa kishikizo, ili wakati wa kufunga kishikizo kitokee mwisho, na huviringishwa kwa kukaza, kingo zikilingana. Iliyoviringishwa ovyo hufungwa ovyo. Tena lazima isuuzwe kwa maji matamu mpaka mchanga wote utoke, maana chembe moja ya mchanga wa Diani ikibaki ndani ya bendeji itamla farasi ngozi siku nzima, naye hana mdomo wa kukushtakia. Nilizipenda zile kazi ndogondogo zenye sababu. Hotelini hakuna aliyewahi kunieleza sababu ya chochote.

Nilikaa kwenye beseni muda mrefu, nikiviringisha na kutazama. Nilitazama masaisi wakifunga miguu ya farasi asubuhi na jioni, na mikono yangu ikawa inawasha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga wa kijiji, na utotoni nilimwona akiwafunga wazazi mkaja, ile nguo ya kukaza tumbo la mwanamke aliyejifungua. Alikuwa akisema kwamba mkaja unaobana huku na kulegea kule, heri usifungwe kabisa. Siku moja nilimwambia Saisi Mkuu maneno hayo, nikidhani atanifukuza nirudi kwenye beseni langu. Akanipeleka kwenye nguzo ya ua.

"Funga hii," akasema. "Ukiifunga vizuri nitakupa mguu."

Ile nguzo nilifunga na kufungua mpaka wenzangu wakawa wanaiamkia kwa jina langu. "Shikamoo Mama Hamisi," wanaiambia, halafu wanapita wakicheka. Waache wacheke. Nguzo ndiyo iliyonifundisha kwamba kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia, na kwamba mkono usivute mara nguvu mara pole. Nilipopewa mguu wa kweli nilifundishwa mengine. Kwanza huwekwa pamba nene iliyonyooshwa bila mkunjo. Bendeji huanzia nje ya mguu, chini kidogo ya goti, ikaenda mbele kisha nyuma, ikashuka hadi kwenye kifundo kilicho juu ya ukwato, ikapanda tena. Nyuma ya mguu hupita kano, ambazo ni kamba ngumu zinazoufanya mguu ujikunje na kujinyoosha, na juu ya kano hapafungwi fundo hata siku moja. Fundo hukaa ubavuni. Ukimaliza, ingiza kidole kati ya bendeji na mguu. Kikiingia kwa kujibana kidogo, hapo ni sawa.

Sasa niwasimulie ile Idd, maana bila ya hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Saisi Mkuu alikuwa ameenda kwao likizo. Tuliobaki wengi tulikuwa Waislamu, na aliyeachiwa usimamizi alikuwa Bakari, mtu wa Ramisi, mcheshi na mwenye huruma kupita kiasi. Bakari akasema si haki sisi tule pilau huku farasi wakifanya kazi ya kubeba watalii ufukweni. Nao wapewe Idd yao. Sote tukaona ni neno jema. Kwetu mgeni hukalishwa, mgonjwa hulazwa, mtu mzima huletewa kila kitu alipo, na hiyo ndiyo heshima tunayoijua. Basi tukawafungia farasi vyumbani mwao wapumzike, tukawajazia chakula, na Bakari akaleta vilele vya miwa kutoka kwao kama zawadi. Hakuna aliyetolewa nje siku hiyo, wala siku ya pili yake, kwa kuwa Idd ya Pwani haiishi siku moja.

Asubuhi iliyofuata nilifika wa kwanza. Farasi wote miguu imevimba, kuanzia magoti kwenda chini, minene na ya duara kama nguzo za ukumbi. Ile mishipa na kano niliyoijua kwa vidole haikuonekana tena. Bakari alipofika alishika kichwa. Akasema ni husuda, kwamba watu waliotoka kuswali walipita pale wakawasifu farasi bila kusema mashallah. Mwingine akasema ni miwa. Mmoja tayari alikuwa ameshavaa kofia aende kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje awasomee. Mimi nilikuwa nalia, nasema kweli, maana niliona kazi yangu ya pili nayo inaondoka.

Daktari wa mifugo tuliyemwita alikuwa mtu wa Msambweni, mpole, mwenye tabia ya kusalimia farasi kabla ya watu. Aliinama kwa wa kwanza, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya mguu, kisha akabonyeza kwa kidole. Kidole kilipoondoka kiliacha kishimo kilichochukua muda kujaa.

"Hawa walifanya kazi gani jana?" akauliza.

"Hawakufanya kitu, Daktari," Bakari akajibu kwa fahari kidogo. "Walikuwa na Idd."

"Na juzi?"

"Idd vilevile."

Daktari akainuka, akatutazama. "Nani aliyewaambia farasi wana Idd?"

Akatuita tukusanyike. Akatueleza kwamba mguu wa farasi chini ya goti hauna nyama ya kusukuma damu, ni mfupa na kano na ngozi. Kinachorudisha damu na maji juu ni kutembea. Kila ukwato unapokanyaga chini, husukuma. Farasi akisimama tu, maji hushuka na kukaa miguuni. "Wekeni mikono yenu hapa," akasema. "Miguu yote imevimba sawasawa, nayo ni baridi, na hana maumivu. Huyu haumwi. Huyu amechoka kupumzika. Watoeni watembee polepole, na hiyo miwa mle wenyewe." Tukawatoa. Kabla ya adhuhuri miguu ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa, na yule wa kofia akaitia kofia yake mfukoni.

Saisi Mkuu aliporudi hakutugombeza. Alituuliza tu kama mbuzi wa Idd walipewa likizo pia.

Baada ya hapo nilihamishiwa mabanda ya Galu, karibu na kwetu Kinondo, safari hii nikiwa saisi wa kuangalia miguu. Bakari akaja pia, na Saisi Mkuu akawa anakuja kutukagua kutoka Diani. Aliyekuwa mwenye farasi wote hao ni mwanamke wa Kizungu aliyezaliwa papa hapa nchini, tukimwita Madam. Na huko ndiko nilikokutana na Zuhura.

Zuhura alikuwa farasi jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mchokozi, mwenye kupenda kunitoa mtandio kichwani kwa meno. Nilimpenda, na sioni haya kusema. Siku moja mgeni mmoja alimpanda ufukweni, akakatazwa kumkimbiza kwenye mchanga laini, akamkimbiza. Mchanga laini humeza ukwato, na kano huvutika kupita uwezo wake. Jioni Zuhura alirudi akitembea kama kawaida. Asubuhi mguu mmoja wa mbele ulikuwa umevimba.

Bakari alikuwa ameshamvisha hatamu. "Dawa tunaijua, dada yangu," akaniambia. "Tumtembeze, adhuhuri utakuwa umenywea."

Nikamwomba angoje. Nikaweka mgongo wa mkono pale nyuma ya mguu, kisha kwenye mguu wa pili, kisha nikarudi pale pale. Ulikuwa moto. Tena nilipogusa kano, Zuhura aliurudisha mguu nyuma na kunitazama. Nikakumbuka maneno ya Daktari ya siku ile: yote sawasawa, baridi, bila maumivu. Hapa palikuwa na mguu mmoja, wa moto, unaouma.

"Huyu asitoke, Bakari," nikasema. "Huu si uvimbe wa Idd."

Bakari naye akaweka mkono, akauondoa, akaivua ile hatamu taratibu. Daktari alikuja na mashine ya picha, akatuonyesha mahali nyuzi za kano zilipochanika. Madam alisimama mlangoni amekunja mikono. Saisi Mkuu akasema kule alikokulia, farasi wa namna hiyo hupigwa risasi siku hiyo hiyo. Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyoona maisha.

"Sitaki ateseke," Madam akasema. "Na siwezi kumwambia Zuhura asimame miezi na miezi kwa maumivu, halafu mwisho uwe ule ule."

"Mpe mpaka mvua za masika zikatike," Daktari akamjibu. "Nitamtazama tena. Kama bado anachechemea, nitamlaza kwa sindano mwenyewe, kwa heshima. Lakini anataka mtu wa kumshughulikia kila siku bila kukosa."

Madam akanitazama mimi. Nikasema, "Yupo."

Cha kwanza ni baridi. Watu husema bahari ni dawa, na ni kweli, lakini lazima uijue bahari yetu. Maji yakitoka, yale yanayobaki ndani ya mwamba hupata joto la jua mpaka yakawa ya kukogea mtoto mchanga. Ukimsimamisha farasi mwenye mguu wa moto humo, unaupika. Ilinibidi nifuate maji yanayojaa, asubuhi mapema, yakiwa bado na ubaridi wa bahari kuu. Siku ambazo saa za maji hazikunikubali nilikwenda kwa wachuuzi wa samaki wa Kinondo, wakanigawia barafu iliyobaki kwenye masanduku yao. Nikaifunga kwenye kitambaa, maana barafu haiwekwi juu ya ngozi tupu, nikaishikilia kwenye kano. Zuhura akawa ananuka samaki, changu mtupu. Paka wote wa Galu wakawa wanamfuata hadi mlangoni.

Ukitoka baharini hufungi papo hapo. Chumvi huoshwa kwa maji matamu, mguu ukapanguswa mpaka ukauka kabisa, ndipo pamba, ndipo bendeji. Ukifunga juu ya mguu uliolowa, umeharibu ngozi. Nilifungua na kufunga upya asubuhi na jioni, kila mara nikiweka kwanza mgongo wa mkono kusikiliza lile joto.

Siku ya kwanza Saisi Mkuu alipokuja kukagua, nilikuwa nimeufunga mguu mgonjwa vizuri, nami nakusanya vitu vyangu. Akauonyesha ule mwingine.

"Na huu?"

"Huo ni mzima," nikasema.

"Ndiyo maana unafungwa. Sikiza, Mama Hamisi. Huu mgonjwa uko na kazi moja, kupona. Huu mzima uko na kazi mbili, yake na ya mwenzake. Ukiusahau utavimba huu, na sasa utakuwa na farasi hana mguu."

Nikachukua bendeji nyingine, nikapiga magoti upande wa pili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule mguu haukuwa na nafasi ya kusema hivyo, mzigo wa mwenziwe ulikuwa juu yake. Nilipokuwa naufunga nilijikuta nafikiria nyumba yangu tangu mume wangu alipofariki, machozi yakanitoka. Saisi Mkuu akajifanya anakagua paa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu, nami kwa mara ya kwanza maishani niliomba mvua isikatike. Joto la mguu lilitoka kwanza. Kisha uvimbe ukaanza kushuka, ukiacha kano nene kuliko zamani. Daktari akaniruhusu nimtembeze kidogo, juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, mkononi bila kupandwa, kila juma tukiongeza kidogo. Polepole ndio mwendo, nao ulikuwa mwendo wetu kweli. Vijana wa bodaboda wakawa wananiuliza kwa nini nisimpande huyo farasi nifike upesi.

Siku ya kutazamwa jua lilikuwa limetoka na njia ya mabandani imekauka. Madam alikuja. Daktari alikuja, na sanduku lake liko garini, wote tukijua kilichomo. Nikamtembeza Zuhura kwenda na kurudi. Daktari akasema nimpeleke mwendo wa kuchapuka. Nikakimbia naye, mwanamke mzima na mtandio mkononi, nikisikiliza kwato nyuma yangu. Farasi anayechechemea hupiga sauti mbili, moja nzito moja nyepesi. Nilisikia kwato za Zuhura zikilingana kwenda, zikilingana kurudi.

"Hatakimbia tena," Daktari akamwambia Madam. "Kutembea atatembea, akijaliwa, mpaka uzeeni."

Madam akamkumbatia Zuhura shingoni, akakaa hivyo muda mrefu. Bakari akasema alhamdulillahi, akaenda kuufunga mlango wa gari la Daktari uliokuwa wazi, sanduku likabaki ndani.

Mimi na Zuhura tulipelekwa pamoja kwenye shamba moja upande wa Msambweni, ambako farasi waliokuwa wakipona walipumzishwa, nami nikawa msimamizi wa huko. Nilifundisha masaisi wengi, kila mmoja akianza na nguzo. Zuhura alibeba watoto wadogo mwendo wa pole, kazi aliyoifanya kwa dharau kidogo lakini kwa uangalifu. Tukaja tukarudishwa Galu, na Galu ndipo nilipostaafu. Yeye naye akastaafu huko huko.

Nyinyi vijana mtakaofanya kazi hii, mimi sina mengi ya kuwausia. Guseni kabla ya kusema. Uvimbe ni uvimbe kwa macho, ila kwa mkono ni vitu tofauti. Miguu yote baridi, tembeza. Mguu mmoja moto, simamisha, uite daktari. Na msiwe wakali kwa yule atakayekosea kwa huruma, maana huruma ndiyo inayokosea kila siku, hata kwenu nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu nilipostaafu watoto wangu walininunulia kiti, kizuri, cha kuegemea, wakakiweka barazani. Hamisi sasa ni mpishi hotelini, na Mwanasiti ameolewa Ukunda. "Mama, umetusimamia vya kutosha," Hamisi akaniambia. "Sasa keti." Maji nikaletewa, chakula nikaletewa, hata ufagio nikanyang'anywa. Nilikaa, na moyo wangu ulijaa. Haikupita muda ukanda wa viatu ukawa unaniachia alama. Jioni moja nikabonyeza kifundo cha mguu wangu, kikabaki kishimo. Nikacheka peke yangu pale barazani mpaka mke wa Hamisi akatoka jikoni.

Hamisi hakucheka. Alinipeleka hospitali, wakanipima moyo, presha na figo, na alifanya vyema, maana mtu si farasi. Vyote vilikuwa salama. Muuguzi akamwambia mama yake amekaa mno, atembee.

Kesho yake nikaenda Galu. Nilimkuta Zuhura chumbani mwake, amekonda usoni, miguu yote imejaa. Masaisi wapya walikuwa wakimheshimu, hawataki kumsumbua bibi kizee. Nikaweka mgongo wa mkono. Baridi, yote sawasawa. Nikaomba kamba, tukatoka. Tangu hapo kila asubuhi ni hivyo, tukienda kwa njia ya mabandani, sote wawili hatuna haraka ya popote.

Hamisi alivumilia siku kadhaa, kisha akanifuata. Alinikuta njiani na kamba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, watu watasema nimekurudisha kazini uzeeni."

"Watasema," nikamjibu. "Tembea nasi kwanza, kisha useme nawe."

Akatembea. Hakuwahi kumkaribia Zuhura tangu utotoni mwake, wakati ule nikirudi nyumbani ninanuka changu na yeye akiziba pua. Nilimwambia huyu ndiye niliyekuwa nikimwahi alfajiri, yeye na Mwanasiti wakiwa bado wamelala. Akapita upande wa pili, Zuhura akawa katikati yetu. Tulipomrudisha bandani nilimwonyesha jinsi ya kugusa. Akagusa miguu ya Zuhura mmoja mmoja, ilikuwa imenywea, kano zinaonekana.

Kisha akapiga goti mbele yangu, mwanangu mtu mzima, katikati ya masaisi, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa kidole chake cha gumba. Akakiondoa, akatazama. Hapakubaki kishimo.

Tukarudi nyumbani pamoja. Asubuhi iliyofuata nilipofungua mlango, kile kiti kilikuwa kimeondolewa barazani, na mahali pake pamewekwa viatu vyangu, vimepanguswa, vimeelekezwa njiani.